Kuseti bunduki ya hewa kwa peleti na slagi

Bunduki inayopiga peleti (risasi ndogo yenye kiuno na sketi) hadi matundu yakashikana kwenye mita 50 inaweza kutawanya slagi (risasi iliyonyooka isiyo na kiuno) ovyo kwenye umbali huohuo, na hakuna kilichoharibika. Kilichobadilika ni risasi yenyewe: uzito wake, urefu wake, unene wake na namna inavyoshika mtutu. Kila risasi ina kasi inayoipenda, na kasi hiyo inatokana na vitu viwili vinavyovutana ndani ya bunduki, yaani presha ya regyuleta (kifaa kinachotuliza presha ya hewa inayotoka silindani) na nguvu ya nyundo (inayogonga vali ili hewa itoke). Kuseti ni kuvipatanisha hivyo viwili kwa risasi moja uliyokwisha kuichagua, kisha kuandika ulichopata ili siku nyingine urudi palepale.

Maelezo haya ni ya bunduki zinazojazwa hewa ya presha kwenye silinda au chupa. Bunduki za springi na pistoni ni habari nyingine: hazina skrubu ya kuongeza nguvu, na nyingi haziwezi kuisukuma slagi ipasavyo. Kwa hizo, chagua peleti inayoelewana na mtutu, shika bunduki kwa namna ileile kila mara, basi.

Jambo la sheria lisisahaulike, kwa sababu kuseti kwa ajili ya slagi karibu siku zote ni kuongeza nguvu. Uingereza, bunduki ya hewa inayovuka futi-pauni 12 (karibu jouli 16.3) huhitaji cheti cha silaha, na Ujerumani kibali kinaanza kudaiwa ikivuka jouli 7.5. Jua kikomo cha mahali ulipo kabla hujagusa skrubu. Nguvu hupigwa hesabu hivi: uzito wa risasi kwa gramu, zidisha kwa kasi (mita kwa sekunde), zidisha tena kwa kasi hiyohiyo, kisha gawa kwa 2,000. Peleti ya gramu 1.175 ikitoka na mita 270 kwa sekunde ina jouli 42.8. Slagi ya gramu 1.62 kwa mita 285 ina jouli 65.8.

Vifaa

Kronografu ni lazima. Bila kipima kasi unabahatisha, na mambo mengi yaliyoandikwa hapa chini hayatakufaa. Pamoja nacho uwe na mzani unaosoma hadi gramu 0.001, kalipa inayosoma hadi milimita 0.01, funguo za Allen zinazolingana na skrubu za bunduki yako, kalamu ya wino usiofutika, fimbo ya kusafishia mtutu yenye mshikio unaozunguka wenyewe, vitambaa vya kusafishia, grisi ya silikoni, na oringi (pete za mpira zinazozuia hewa kuvuja) za akiba za saizi zilizotajwa kwenye kitabu cha bunduki. Mahali pa kuegemeza bunduki pawe imara: mfuko wa mchanga mbele na mwingine chini ya kitako.

Kizuizi cha kupokea risasi nyuma ya shabaha kiandae kwa ajili ya slagi hata kama unaanza na peleti. Slagi haipungui kasi haraka kama peleti, hivyo husafiri mbali zaidi, na ikigonga kitu kigumu kwa pembe hudunda. Sanduku lililojazwa mchanga au vipande vya mpira linafaa. Bamba la chuma lililosimama wima karibu nawe halifai kabisa. Vaa miwani ya kukinga macho, na nawa mikono baada ya kushika risasi kwa kuwa zimetengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kutoa hewa kabla ya kufungua

Presha ya bar 200 ikisukuma kizibo chenye kipenyo cha milimita 25, nguvu inayokaa nyuma yake ni karibu sawa na uzito wa tani moja. Kwa hiyo hakuna sehemu ya silinda, vali au regyuleta inayofunguliwa kukiwa na hewa ndani, hata kidogo.

Ondoa magazini na uhakikishe mtutu hauna kitu. Kama bunduki ina skrubu ya kutolea hewa, ilegeze robo mzunguko kwa robo mzunguko na iache hewa itoke taratibu. Kama haina, elekeza mtutu kwenye mchanga ufyatue bila risasi mpaka geji isome sifuri na usisikie tena mlipuko wa hewa. Kumbuka kwamba geji inaweza kukwama. Vilevile, hewa iliyo kati ya regyuleta na vali ina geji yake, au haina kabisa, kwa hiyo geji ya silinda ikisoma sifuri usidhani kwamba chumba kile nacho ni kitupu. Fyatua mara kadhaa zaidi.

Ndani ya mfumo wa hewa paka grisi ya silikoni tu, tena kidogo. Mafuta ya petroli na grisi za magari zinaweza kuwaka zenyewe hewa inapobanwa ghafla. Kwa sababu hiyohiyo silinda haijazwi oksijeni kamwe. Hewa iwe kavu: unyevu unaoingia kupitia pampu ya mkono au kompresa isiyo na kichujio hutia kutu silinda na kufanya regyuleta isitulie.

Anza na mtutu, si na skrubu

Kosa linalokula siku nzima za watu ni kuanza kuzungusha skrubu kabla ya kujua kama mtutu unaipenda risasi. Hakuna kasi itakayoiokoa risasi isiyofaa kwa mtutu.

Peleti ya kawaida ina kichwa, kiuno chembamba na sketi iliyo wazi nyuma. Umbo hilo linaifanya ijinyooshe yenyewe kwa upinzani wa hewa, kama mpira wa manyoya wa badminton, na kwa hiyo inahitaji mzunguko kidogo tu kutoka kwenye mifereji ya mtutu. Sketi ni nyembamba: hewa inaitanua na kuziba mtutu. Ndiyo maana peleti inavumilia tofauti ndogo za kipenyo. Slagi haina kiuno wala sketi. Ni kipande kilichonyooka kama risasi ya bunduki ya baruti, na mara nyingi kina kishimo puani na kingine kitakoni. Yenyewe hainyooshwi na upinzani wa hewa. Kinachoishikilia ni mzunguko, na kinachoziba mtutu ni unene wake yenyewe. Ikiwa nyembamba hewa hupita pembeni na kasi hurukaruka. Ikiwa nene kupita kiasi huingia kwa nguvu, kitako chake kinapondwa, na mtutu unajaa madini.

Kwa mtutu wa .22 (milimita 5.5) slagi huuzwa kwa vipenyo vya inchi 0.216, 0.217, 0.218 na 0.219, yaani milimita 5.49, 5.51, 5.54 na 5.56. Peleti nazo hutofautiana kichwa, kwa mfano milimita 5.50 hadi 5.53. Kujua cha kuanza nacho, fanya hivi:

1. Toa hewa yote na usafishe mtutu kwa vitambaa, ukivuta kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka kitambaa kitoke safi.

2. Chukua peleti laini au slagi nene kidogo, iingize nyuma ya mtutu na uisukume taratibu kwa fimbo yenye ncha bapa mpaka itokee mbele. Sikiliza mkono. Mitutu mingi hubana kidogo sentimita chache kabla ya mdomo, na hilo ni la makusudi. Ikibana katikati na kulegea mbele, mtutu una kasoro au bado una uchafu.

3. Pima kipenyo cha ile risasi kwa kalipa penye alama za mifereji, sehemu iliyo pana kuliko zote. Slagi ya kuanza nayo ni ile inayolingana na kipimo hicho, au kubwa kwa milimita 0.01 hadi 0.02.

4. Pima pia mzunguko wa mifereji. Funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo yenye mshikio unaozunguka, kiingize, weka alama ya kalamu juu ya fimbo, kisha vuta mpaka alama izunguke mara moja na kurudi juu. Umbali uliovutwa ndio mzunguko mmoja wa mifereji.

Hatua ya 4 watu wengi huiruka, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini slagi fulani haikubali hata ufanyeje. Mtutu unaozungusha mara moja kila milimita 400 hadi 450 hupiga peleti vizuri na slagi fupi au za kati. Mtutu wa polepole sana, mathalani milimita 800, ni wa peleti. Kinacholeta taabu hapa hasa ni urefu wa slagi kuliko uzito wake: slagi mbili za uzito mmoja, moja ikiwa na kishimo kirefu puani, hiyo ndefu ndiyo itakayodai mzunguko wa haraka zaidi.

Hatimaye angalia nafasi. Slagi ndefu huenda isiingie kwenye magazini, au ikaingia lakini ncha ya boliti (fimbo inayoingiza risasi mtutuni) isiisukume vya kutosha, ikabaki imeziba nusu ya tundu la kupitisha hewa. Kasi hupungua na kuyumba, na mtu huilaumu regyuleta bure. Pakia slagi moja bila hewa, sukuma boliti hadi mwisho, ivute, kisha mulika tochi: kitako cha slagi kinapaswa kuwa kimelivuka tundu lote.

Kasi ya kulenga

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20. Peleti haitaki kuukaribia mwendo huo. Hewa inapoanza kuvurugika kuizunguka, kiuno na sketi huiyumbisha. Peleti nyingi hukaa vizuri kati ya mita 240 na 285 kwa sekunde, na peleti nyepesi hupendelea upande wa chini. Slagi inavumilia zaidi na mara nyingi huitaka kasi hiyo ili izunguke vya kutosha: mita 270 hadi 305 ndiyo sehemu ya kutafuta. Usidhani kasi kubwa ndiyo bora. Slagi kutoka kasi ya 280 hadi 300 inadai hewa nyingi zaidi kwa faida ndogo shabahani.

Faida ya kweli ya slagi iko kwenye upepo na umbali. Kiwango chake cha kupenya hewa huwa mara mbili au zaidi ya kile cha peleti ya saizi hiyohiyo, kwa hiyo inapofika mita 100 imebaki na kasi nyingi na imesukumwa kando kidogo. Kwenye mita 25 hadi 40 peleti nzuri huishinda slagi kwa usahihi mara nyingi, na ni ya bei nafuu. Kama shabaha zako hazivuki hapo, huna sababu ya kuhangaika na slagi.

Kuseti regyuleta

Piga kwanza risasi 10 za peleti unayoijua kama bunduki ilivyo, uandike kasi zote, presha ya silinda mwanzo na mwisho, na presha ya regyuleta. Huo ndio mwanzo wako. Weka pia alama ya kalamu kwenye kila skrubu ya kurekebisha na kwenye mwili wa bunduki ulio jirani nayo, na uhesabu mizunguko ya springi ya nyundo kutoka pale inapolegea kabisa.

Kwa bunduki ya .22 yenye mtutu wa milimita 500 hadi 600, vianzio hivi huleta karibu na lengo: peleti za gramu 1.03 hadi 1.18 (greni 16 hadi 18), bar 100 hadi 120. Peleti nzito za gramu 1.65 (greni 25), bar 120 hadi 140. Slagi za gramu 1.6 hadi 1.95 (greni 25 hadi 30), bar 140 hadi 170. Mtutu mfupi au chumba kidogo cha hewa kati ya regyuleta na vali huhitaji presha ya juu zaidi. Kikomo cha mtengenezaji hakivukwi, hata kama skrubu bado inazunguka.

Kupandisha na kushusha si kazi moja. Regyuleta yenye skrubu ya nje mara nyingi hupandishwa hewa ikiwemo, ukifuata kitabu cha bunduki. Kushusha ni lazima utoe hewa kwanza, kwa sababu hewa iliyokwisha kuingia chumbani haina njia ya kurudi, na ukilegeza skrubu ikiwa imebanwa unaweza kuharibu kiti cha regyuleta (sehemu yake inayoziba hewa). Zungusha kidogo, nusu ya ile robo unayodhani inahitajika. Kisha jaza, fyatua mara tano bila kupima ili kiti kikae, ndipo usome geji. Geji ndogo za bunduki hukosea kwa bar 10 kirahisi, kwa hiyo ichukulie kama alama ya kurudia mahali palepale na uiamini kronografu zaidi.

Kuseti nyundo

Hapa ndipo kazi inapofanyika, na hapa pasiwe na haraka. Nyundo hugonga vali na kuifungua. Presha ya regyuleta huirudisha kuifunga. Presha ikipanda, vali inakuwa ngumu kufungua, kwa hiyo nyundo iliyotosha kwa bar 110 haitatosha kwa bar 150. Ndiyo maana kupandisha regyuleta pekee wakati mwingine hushusha kasi, jambo linalowashangaza wengi.

1. Ukiwa na presha uliyoichagua na risasi uliyoichagua, legeza springi ya nyundo karibu yote.

2. Piga risasi tatu, andika wastani wa kasi.

3. Kaza nusu mzunguko, piga tatu, andika. Endelea hivyo. Silinda isishuke karibu na presha ya regyuleta. Jaza ikibaki bar 30 juu yake.

4. Utaona kasi ikipanda kwa hatua kubwa, kisha kwa hatua ndogo, kisha ikasimama. Kwa mfano: 238, 252, 262, 269, 273, 274, 274. Hapo 274 ndicho kilele. Kukaza zaidi ya hapo hakuongezi kasi, kunamwaga hewa tu na kuongeza kelele.

5. Legeza mpaka kasi iwe asilimia 3 hadi 5 chini ya kilele. Katika mfano huu ni kati ya mita 260 na 266.

Hapo ndipo vali inapofunga kwa wakati wake: risasi inatoka na hewa imekwisha kutumika. Sehemu hiyo ina faida nyingine. Regyuleta ikipungua bar moja, vali hufunguka zaidi kidogo na kufidia, hivyo kasi haihami. Ukiwa juu kileleni kila bar inayopungua inaonekana kwenye kasi, na ukishuka chini sana kila tofauti ndogo ya msuguano wa nyundo inaonekana.

Sasa linganisha na kasi unayoitaka. Ikiwa asilimia 3 hadi 5 chini ya kilele inakupa 263 na slagi yako inataka 285, usikaze nyundo. Pandisha regyuleta bar 10, urudie hatua zote tangu ya kwanza. Ikiwa umepita kasi unayoitaka, toa hewa, shusha regyuleta, urudie. Inachosha, lakini njia ya mkato ya kuongeza nyundo badala ya presha ndiyo inayozaa bunduki zenye kelele, zinazokula hewa na zisizotulia. Ikiwa springi imefika mwisho wa skrubu na kilele hakijaonekana, nyundo ni nyepesi au springi ni laini kwa presha hiyo. Badilisha springi, au shusha presha na ukubali risasi nyepesi zaidi.

Bunduki yenye kidhibiti cha tundu la hewa (kile kigurudumu cha namba pembeni) iache tundu wazi kabisa wakati wa hatua hizi. Baadaye likitumika kupunguza nguvu kwa peleti nyepesi halitaharibu seti, ingawa nyundo huwa kali kuliko inavyohitajika na hewa kiasi hupotea.

Zisizo na regyuleta

Bunduki isiyo na regyuleta haina kasi moja. Ikijazwa sana, presha huibana vali na risasi za kwanza hutoka polepole. Presha inaposhuka kasi hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Jaza hadi kikomo cha mtengenezaji, piga mpaka kasi iporomoke, ukiandika presha kila baada ya risasi tano. Chora mstari. Chagua kipande ambacho kasi haitofautiani zaidi ya asilimia 3 na ujaze hadi mwanzo wa kipande hicho tu, hata kama silinda inaruhusu zaidi. Kukaza nyundo husogeza kipande hicho kwenye presha za juu, na kulegeza hukisogeza chini. Kwa slagi bunduki hizi zinafaa kwa risasi chache tu kwa kila kujaza.

Kuthibitisha

Piga risasi 10 mfululizo za risasi uliyoseti. Pengo kati ya ya kasi kuliko zote na ya polepole kuliko zote lisizidi mita 4 kwa sekunde kwa bunduki yenye regyuleta. Mita 2 hadi 3 ni seti nzuri sana. Kwenye mita 50, tofauti ya asilimia 1 ya kasi hushusha au kupandisha tundu karibu milimita 4, jambo ambalo wengi hawataliona. Kwenye mita 100 tofauti hiyohiyo inakaribia sentimita 2, na hapo slagi yako ya bei inapotea kwa wima tu.

Kisha jaza silinda na upige mpaka ishuke chini ya presha ya regyuleta, ukiandika kasi. Mwisho wa mfululizo huo unasema mengi. Kasi ikipanda kidogo baada ya regyuleta kuisha halafu ikashuka, nyundo iko upande wa chini wa kilele, jambo jema. Ikishuka palepale regyuleta inapoisha, nyundo ni kali.

Jaribio la tatu ni la regyuleta inayovuja ndani. Piga risasi tano, iache bunduki imepumzika saa moja, piga tena. Kama risasi ya kwanza inatofautiana na zinazofuata kwa mita 6 au zaidi, na geji ya regyuleta imepanda wakati wa mapumziko, kiti au oringi ya regyuleta imechoka, au kuna punje ya uchafu. Hilo halirekebishwi kwa nyundo. Toa hewa, safisha, badilisha. Tofauti ndogo ya mita 2 au 3 ni ya kawaida.

Kwenye karatasi

Sasa ndipo upime usahihi. Chagua asubuhi isiyo na upepo, anza na mita 25, halafu 50. Piga makundi ya risasi 10, si 5, kwa kuwa kundi la risasi tano hudanganya kwa kupendeza. Mtutu uliotoka kusafishwa haueleweki mara moja: upige risasi 20 hadi 40 kabla ya kuamini makundi. Unapojaribu chapa au kipenyo kingine, piga 15 za kuuzoesha kabla ya kuhesabu.

Pale kasi inapotulia lakini makundi hayajabana, sogeza kasi kwa mita 5 kwa sekunde, juu au chini, kwa nyundo, upige tena. Slagi hasa zina sehemu nyembamba zinazozipenda. Ukivuka mita 10 hadi 12 kutoka ulipoanza, rudia regyuleta na kilele upya, kwa sababu umekwisha kutoka kwenye sehemu tulivu.

Tundu la mviringo uliovutwa, kama yai, ni ishara kwamba slagi inafika imelala upande. Ama kasi haitoshi, ama slagi ni ndefu kwa mzunguko wa mtutu wako. Ongeza mita 10. Tundu likibaki yai, tafuta slagi fupi. Peleti inayopiga vizuri mita 30 kisha ikachora duara angani na kutawanyika mita 50 ni kesi ya kinyume: kasi au mzunguko umezidi. Shusha hadi 250 uone.

Makundi mawili yaliyotengana, risasi sita hapa na nne pale, mara nyingi si ya seti. Kagua skrubu za darubini, skrubu ya kitako, na kama mtutu unagusa bendi inayoufunga kwenye silinda, maana silinda hupinda kidogo presha inapobadilika na kuuvuta. Risasi moja inayoruka mbali bila mpangilio huwa imegusa sailensa. Sukuma kijiti chenye pamba ndani ya matundu ya sailensa; ukikuta madini yamekwaruzwa upande mmoja, nyoosha au ondoa sailensa urudie jaribio. Kundi refu la wima lenye kasi zinazolingana kwenye kronografu ni shika na egemezo lako.

Ukisikia mlipuko ukifuatwa na mfoko mwingine mdogo, nyundo inadunda na kuigonga vali mara ya pili. Hewa hiyo inatoka risasi ikiwa imekwisha kwenda. Legeza springi robo mzunguko kwa wakati mmoja mpaka mfoko uishe. Kama kasi imeanguka sana, springi ngumu zaidi yenye mkazo mdogo wa awali kwa kawaida ndiyo dawa.

Uchambuzi wa risasi usifanywe kabla ya haya yote. Ukiwa na seti tulivu, pima uzito wa 50 kutoka kopo moja na utenge zinazotofautiana zaidi ya asilimia 1. Peleti zenye sketi iliyopinda zitupe, kwani kuinyoosha kwa vidole hakurudishi umbo. Slagi zikague vitako: ukingo uliochubuka kitakoni hudhuru zaidi ya pua iliyochubuka, kwa kuwa hewa inapotoka mtutuni huisukuma upande mmoja.

Seti mbili kwa bunduki moja

Wanaotaka peleti na slagi kwa bunduki moja wana njia mbili. Ya kwanza ni kuseti regyuleta kwa slagi na kushusha nguvu kwa kigurudumu cha nyundo au cha tundu la hewa unapotumia peleti. Ni ya haraka, lakini pengo la kasi ya peleti huongezeka kidogo na kelele ni kubwa. Ya pili ni kutafuta peleti nzito inayokubali presha ya slagi: peleti ya greni 25 na slagi ya greni 25 zinaweza kukaa kwenye bar 140 zote mbili, zikitofautiana mzunguko mmoja au miwili ya nyundo. Hiyo ya pili ndiyo tunayoipendekeza. Zote mbili zinakuepusha na kushusha regyuleta mara kwa mara, kazi ya kuchosha inayochakaza kiti chake.

Kwa kila seti andika jina na kipenyo cha risasi, kopo la lini, uzito wa wastani, bar za regyuleta, mizunguko ya nyundo tangu kulegea, namba ya tundu la hewa, wastani wa kasi, pengo la kasi, na mibofyo ya darubini kutoka kwenye sifuri yako. Kipengele cha mwisho kina umuhimu kuliko kinavyoonekana: slagi haipigi chini tu ukilinganisha na peleti, mara nyingi huhama pia kushoto au kulia, na kiasi chake hakibuniki.

Slagi huacha madini mengi mtutuni kuliko peleti. Makundi yakianza kupanuka baada ya risasi 100 au 150, pitisha vitambaa viwili vyenye kisafishio laini cha mtutu na vitatu vikavu, ukizuia kisafishio kisiingie kwenye tundu la hewa na oringi. Ukihama kutoka slagi kwenda peleti, pitisha kitambaa kikavu kimoja na upige peleti 10 hadi 20 kwenye mchanga kabla ya kugusa mibofyo ya darubini.